Walimu wa CNC wa WhatsApp mnauza namba bila kueleza sababu, ubao wangu wa mninga umekula kwangu

Mbukwenyi wakuu. Naandika huku vidole vinauma kwa msasa, nipo hapa Nkuhungu kibarazani tangu asubuhi nasugua zabibu moja moja za mbao kama mtu anayekoboa karanga, na hasira niliyonayo leo lazima niitoe mahali.

Iko hivi. Nina kamashine kadogo ka CNC, yani ka kuchonga kanakoongozwa na kompyuta, ka kujifunzia tu, nilikaunga mwenyewe mwaka jana. Kuchonga maandishi na vibao vya namba za nyumba nilishazoea, nikataka nijue kuchonga maumbo yenye vilima na mabonde yatoke laini. Nikaona tangazo la jamaa, kozi ya grupu la WhatsApp, elfu 60, "finishi kama kioo, hutagusa msasa tena". Nikalipa. Unajua alichotufundisha? Skrinshoti. Yani skrinshoti ya setingi zake, basi. Biti (kile kisu kinachozunguka) ya kichwa cha duara mm 6, stepova (biti inasogea pembeni kiasi gani kila mstari) asilimia 25 ya upana wa biti, mwendo mm 600 kwa dakika, mota mizunguko elfu 18 kwa dakika. Nikauliza mkuu kwanini 25 na sio 10, akajibu "fuata setingi kijana, wenzako wote imewatoka safi". Nikauliza tena mara ya pili, nikajikuta nimetolewa kwenye grupu. Sawa.

Mama mmoja mwenye gesti akanipa oda ya ubao wa mapokezi, sm 40 kwa 30, mashada manne ya zabibu na jina la gesti katikati, si mnajua Dodoma bila zabibu hakijakamilika kitu. Nikatafuta mninga mkavu mzuri, nikaweka setingi za mwalimu, mashine ikala masaa mawili na dakika kadhaa. Nilivyopuliza vumbi nikataka kulia. Juu ya kila zabibu mistari mistari, pembeni ndio ngazi kabisa unaweza kupanda, na kuna sehemu mbao imeungua imekuwa nyeusi. Mama alipopita kuangalia akavaa miwani akauinamia ule ubao, akaniambia kwa upole kabisa "Mwanangu, hizi ni zabibu au mahindi ya kuchoma?"

Wakuu ile sentensi sitaisahau.

Ndio nikakaa chini na kalkuleta, kitu ambacho yule jamaa angeweza kutueleza kwa voisi ya dakika mbili. Biti ya duara ikipita mstari mmoja halafu ikasogea pembeni na kupita mwingine, katikati inabaki tuta. Urefu wa tuta ni ule msogeo ujizidishe wenyewe, halafu ugawe kwa nane mara nusu ya upana wa biti. Biti ya mm 6 nusu yake 3, kwaiyo unagawa kwa 24. Stepova ya 25% ni mm 1.5, tuta linatoka kama mm 0.09, ukipitisha ukucha unasikia, ukipaka vanishi ndio linajitangaza kabisa. Ukienda 10%, yani mm 0.6, tuta ni 0.015. Ni karibu mara sita chini! Na hapo ni sehemu ya bapa. Kwenye mteremko mkali ile mistari inatawanyika, ukiwa nyuzi 60 umbali kati ya mstari na mstari juu ya mbao unakuwa mara mbili na tuta linakuwa kama mara nne. Ndio maana pembeni mwa zabibu zangu ni ngazi. Kumbe kuta kali hazichongwi kwa mistari ya kwenda na kurudi peke yake, unazipitishia njia ya kuzunguka kwa ngazi za kina, inashuka kidogo inazunguka, inashuka inazunguka, na ile ya mistari unaiachia migongo ya juu. Programu ninayotumia ina hizo njia zote mbili, zilikuwepo siku zote, hakuna aliyenifungulia hata kuniambia hii ya nini na ile ya nini.

Kuungua je? Taratibu ndio mwendo, si ndio tulivyolelewa. Kwenye CNC imenichomea mbao. Meno mawili ya biti mara mizunguko elfu 18 ni mikato elfu 36 kwa dakika, mwendo mm 600, kila jino linapata mm 0.017. Hapo biti haikati, inasugua, na kusugua ndio moto. Nikashusha mota elfu 15 nikapandisha mwendo 1500, kila jino likapata 0.05, chenga zikaanza kutoka chenga kweli badala ya unga.

Sasa kinachoniuma zaidi ya vyote. Stepova 1.5 kwa mwendo 600 kwenye ubao ule ni mistari 200, mita 80, kama dakika 133. Stepova 0.6 kwa mwendo 1500 ni mistari 500, mita 200, dakika 133. MUDA ULE ULE. Sijahesabu mashine kupunguza mwendo kwenye kona lakini picha mnaiona. Nimechonga shada moja kwenye kipande kilichobaki, nimegusa kwa msasa namba 220 kidogo tu nikamaliza.

Halafu kuna mmoja ataniambia hapa "mashine yako imelegea". Imelegea ndio, naijua, nimekaza skrubu zote. Mashine kulegea hakuleti mistari iliyopangana sawasawa kama matuta ya shamba la viazi.

Ubao mwingine wa mninga sina hela yake kwa sasa, mama anachukua kazi Jumamosi, kwaiyo nasugua huu huu, nimekunja msasa wa 120 mara nne ili uingie katikati ya punje na punje, shada la kwanza limenichukua toka asubuhi mpaka adhuhuri. Kama kuna aliyechonga mninga au mkongo kwa hizo njia mbili kwa pamoja naomba aweke picha na namba zake, na aseme KWANINI kaweka hizo namba. Skrinshoti tupu sitaki, ninayo moja ya elfu 60.