Malkia Strikers ya Kenya ilijengwaje?

Mwalimu wa Keshero, Goma

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Goma. Nafundisha voliboli wasichana wa sekondari katika mtaa wa Keshero, na wiki iliyopita walinikuta nikitazama kwenye simu mchezo wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya. Mpangaji wetu wa mipira, yaani mchezaji anayewaandalia wenzake mipira ya kupiga, binti wa miaka 15, aliniuliza kwa nini kila zinapotajwa timu za Afrika jina la Malkia Strikers hutangulia, na kama imekuwa hivyo tangu zamani. Nilimtajia vikombe, nikaona kwamba sijamjibu. Naomba anayeijua historia hiyo anieleze namna timu yenyewe ilivyojengwa.

Dada wa Kadutu, Bukavu

Mwalimu, ubingwa wa Afrika wa wanawake ulianza mwaka 1976, na kwa miaka 15 taji lilibaki kaskazini, mara Misri, mara Tunisia, mpaka Kenya ilipolichukua mwaka 1991 na kulirudia 1993, 1995 na 1997. Katika kipindi hicho ilicheza Mashindano ya Dunia ya 1994 nchini Brazil, na mwaka 2000, kule Sydney, Wakenya wakawa wanawake wa kwanza kutoka Afrika kucheza voliboli ya Olimpiki.

Lakini ukitaka binti huyo aelewe, mwonyeshe mshahara kabla ya kombe. Kwa miaka mingi wachezaji wa timu hiyo wametoka hasa katika klabu zenye mwajiri nyuma yake: Kenya Pipeline ya kampuni ya bomba la mafuta, Kenya Prisons ya idara ya magereza, na KCB ya benki. Msichana akimaliza shule akiwa na mkono mzuri, klabu hizo humtafuta, na akipata ajira mazoezi huwa sehemu ya kazi yake. Ndiyo maana anapofika miaka 25, umri ambao wengi wetu huku tulikuwa tumekwisha kuuacha mpira kwa ajili ya ndoa na biashara ya sokoni, yeye ndiyo kwanza anakomaa. Klabu zote tatu zimewahi kuwa bingwa wa klabu za Afrika. Kwa hiyo mchezaji akiitwa timu ya taifa, si mara yake ya kwanza kuwaona Waalgeria au Wamisri upande wa pili wa wavu. Nimecheza miaka 9 hapa Bukavu bila hata nauli ya kwenda mazoezini, na kila nikiwatazama Wakenya, jambo hilo ndilo ninaloliona kwanza.

Mzee wa Katuba, Lubumbashi

Nakubaliana na binti yangu wa Bukavu, ila watoto wasiambiwe kwamba njia ilikuwa tambarare. Baada ya Athens 2004, Kenya haikuonekana tena katika Olimpiki mpaka ile ya Tokyo iliyochezwa 2021. Algeria ilikwenda 2008 na 2012, na Cameroon ikaenda 2016, ingawa Kenya ilikuwa bingwa wa Afrika 2011, 2013 na 2015. Kisha Cameroon ikawafunga katika fainali tatu mfululizo: Yaoundé 2017, Cairo 2019 kwa seti 3-2, na Kigali 2021. Haya ya Kigali watu wa Goma mnayakumbuka, kwani wenyeji Rwanda waliondolewa kwa kuchezesha Wabrazil wanne wasiostahili kuichezea timu hiyo, na mashindano yakasimama kwa muda. Hatimaye, Agosti 2023, huko huko Yaoundé, Kenya iliifunga Misri 3-0 na kutwaa taji la 10.

Nje ya Afrika wameumia zaidi. Katika Olimpiki nne hawajashinda mchezo hata mmoja, na Paris 2024 walifungwa 3-0 na Brazil, Poland na Japan. Mashindano ya Dunia yamewapa faraja kidogo: mwaka 2018 waliifunga Kazakhstan, na 2025, nchini Thailand, wakaifunga Vietnam.

Kwa kuwa aliyeuliza ni mpangaji, msimulie habari za marehemu Janet Wanja. Alipanga mipira ya Kenya katika Olimpiki ya Athens, na miaka 20 baadaye akaenda Paris akiwa mwalimu wa mazoezi ya viungo wa timu hiyo hiyo. Alifariki Desemba 2024.

Mwalimu wa Keshero, Goma

Mzee, dada, asanteni sana. Niongeze jambo moja ambalo nimeliona kwa macho yangu. Kiwanja chetu ni cha mawe meusi ya Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu. Tumemwaga juu yake mchanga tuliobeba kwa ndoo kutoka ziwani, lakini mvua ikinyesha mara mbili tu changarawe inarudi juu, na msichana anayejirusha kuokoa mpira huinuka viwiko vikitoka damu. Kwa hiyo wangu wamezoea kubaki wima na kuuangalia mpira ukianguka. Wakenya nao hujirusha bila kusita. Je, wanayajifunza hayo klabuni au tangu shuleni?

Dada wa Kadutu, Bukavu

Tangu shuleni, Mwalimu. Shule kama Kwanthanze ya Machakos na Mukumu ya Kakamega zinajulikana Kenya nzima kwa voliboli ya wasichana, na wengi hufika klabuni wakiwa wameshamaliza somo hilo.

Mwalimu wa Keshero, Goma

Basi nitaanza na hilo. Parokia ya jirani imekubali kuniazima mikeka miwili ya judo, na Jumamosi nitaitandika nyuma ya mstari ulio mita tatu kutoka kwenye wavu.