Bia ya ngano ya kwanza nyumbani: dondoo la kimea au kimea chenyewe? Na hamira ipi?

Kibo_Nürnberg
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, niko Ujerumani mwaka wa tatu sasa. Nimekua nikimwona bibi akipika mbege: kuvundika ndizi, kuotesha ulezi, kutwanga kimea, kutafuta gome la msesewa la kutia uchungu. Huku nimeipenda bia yao ya ngano, ile yenye ukungu na harufu ya ndizi mbivu, nami nataka kupika yangu. Kisheria sina shaka, maana tangu 2024 mtu anaruhusiwa lita 500 kwa mwaka bila kodi mradi hauzi.

Nina sufuria la lita 12, ndoo ya kuchachulia yenye kizibo cha kupumulia, na kipimajoto. Nimekwama kwenye mambo mawili. Ninunue dondoo la kimea (utamu wa kimea uliokwisha kutolewa kiwandani) nikoroge tu, au nianze na kimea chenyewe? Halafu hamira: ya unga, au ile ya maji ambayo bei yake ni karibu mara mbili? Naomba mwongozo wa mtu aliyepika kwa mikono yake.

MzeeWaPipa
Karibu sana mkuu. Mimi napikia Nairobi, na kwa bia ya kwanza nasema dondoo bila kusita. Dondoo la ngano linalouzwa madukani huwa tayari limechanganywa na shayiri, kwa hiyo huna hesabu ya kufanya. Kwa lita 10 chukua dondoo la unga kilo 1.3. Chemsha maji lita 7, ZIMA MOTO, tia nusu ya dondoo ukikoroga mpaka liyeyuke lote, ndipo uwashe tena. Ukilimimina moto ukiwaka linazama na kushika chini, na ladha ya kuungua haitoki tena. Mimi nilimwaga pipa zima kwa kosa hilo.

Hopsi, yale maua ya kutia uchungu, weka gramu 14 za aina ya Hallertau mwanzoni mwa saa moja ya kuchemsha, basi. Bia hii haitaki uchungu mwingi. Nusu ya dondoo iliyobaki itie dakika kumi za mwisho ili rangi isikolee. Poza sufuria ndani ya sinki lenye barafu, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka zifike lita 10. Ndani ya saa tatu umemaliza na kuosha vyombo.

Bi_Shayiri
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima, hapo napingana nawe kidogo. Huyu ndugu ametoka kwenye nyumba ya mbege. Kimea anakijua tangu utotoni, kwa nini aanze na kitu kilichopikwa kiwandani?

Ndugu Kibo, ngoja nikueleze ninavyofanya jikoni kwangu. Nashona mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia, unaoenea sufuria. Ndani yake naweka kimea cha ngano na kimea cha shayiri kilichopondwa. Ngano isipungue nusu, hata sheria ya Ujerumani inataka hivyo ndipo bia iitwe ya ngano. Mimi natumia ngano sehemu sita kwa nne za shayiri. Kimea kinakaa kwenye maji ya nyuzi 67 kwa saa moja, sufuria nimelifunika blanketi. Nikinyanyua mfuko, wanga umegeuka sukari na maji ni matamu kama togwa. Ngano haina ganda, kwa hiyo wanaochuja kwa bomba husumbuka machicha yakigandamana, wengine huchanganya makapi ya mpunga ili maji yapite. Kwenye mfuko unakamua tu.

Sasa sababu yangu kubwa. Kabla ya nyuzi 67, mimi hupumzisha kimea kwenye nyuzi 44 kwa dakika 20. Hapo ngano inaachia asidi iitwayo feruliki, na hamira ya ngano huigeuza kuwa harufu ya karafuu. Aliyewahi kupita Pemba wakati karafuu zimeanikwa barabarani anaijua harufu hiyo, na kiini chake kwenye bia ni ndugu wa karibu wa kile kilichomo kwenye karafuu yenyewe. Kwa dondoo, hatua hii hauna mamlaka nayo.

MzeeWaPipa
Marahaba binti yangu, na hilo la nyuzi 44 ni kweli. Lakini tazama sufuria lake. Lita 12! Kupata lita 10 za bia kwa mfuko anahitaji maji kama lita 14 na kimea kilo 2.4 humo humo. Litafurika.

Bi_Shayiri
Sawa, hapo umenishinda kwa lita 10. Basi apike lita 5. Ngano gramu 700, kimea cha shayiri aina ya pilsner gramu 500, maji lita 8, hopsi gramu 6. Ni chupa kumi. Kwa anayejifunza, chupa kumi zinatosha, na akikosea hasara ni ndogo.

Chachu_na_Darubini
Wapendwa, mnabishana kuhusu kuni wakati chakula kiko kwenye hamira. Sheria ya Bavaria ya 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu, hamira haikutajwa hata kidogo. Lakini chukua sufuria moja la maji matamu, ligawe ndoo mbili, moja utie hamira ya bia za kawaida na nyingine hamira ya ngano. Utapata bia mbili zisizofanana hata kwa harufu. Nimefanya jaribio hili mara tatu na kila aliyeonja alidhani nimebadilisha nafaka.

Hamira za unga ambazo mwanzoni utazipata kirahisi ni mbili. WB-06 ya Fermentis inaelekea zaidi karafuu na inaiacha bia kavu, nyepesi mdomoni. Munich Classic ya Lallemand ina ndizi zaidi na ni nzito kidogo mdomoni. Ya maji inayosifiwa sana ni Wyeast 3068, ambayo asili yake ni hamira ya Weihenstephan, pale Freising karibu na München. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo yenye ndizi na karafuu zilizoshikana vizuri kuliko zote. Ila inataka friji tangu dukani hadi kwako, na ikizeeka inadhoofu. Ya unga inastahimili safari.

Kibo, kwa bia ya kwanza chukua Munich Classic. Pakiti ni gramu 11 kwa lita 20, wewe tumia robo kwa lita 5. Fedha utakayookoa nunua kipimajoto cha kubandika kwenye ndoo, maana joto ndilo linalomwongoza hamira: nyuzi 17 au 18 karafuu inasikika, 22 kwenda juu ndizi inatawala. Ukipita 25 unaanza kunusa gundi.

Pwani_Daima
Naomba niingilie. Mimi niko Dar, chumba changu ni nyuzi 29 usiku kucha. Nisahau bia hii? Na hamira ya mandazi je?

Chachu_na_Darubini
Usisahau dada. Simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe taulo ambalo ncha zake zinazama majini, elekeza feni. Ni kanuni ile ile ya mtungi wa maji. Ongeza chupa mbili za barafu asubuhi na jioni kwa siku tatu za kwanza, ndizo siku ambazo hamira yenyewe inatoa joto. Ya mandazi iache kwenye mandazi, ilichaguliwa ili iumue unga haraka, si kwa harufu.

MzeeWaPipa
Kwetu Nairobi mwezi wa saba chumba kinakaa 18 bila kufanya lolote. Ndiyo msimu wangu wa ngano.

Kibo_Nürnberg
Nimesoma yote mara mbili. Nimeamua: kimea kwenye mfuko, lita 5, Munich Classic, chumba cha chini ambako ni nyuzi 18. Swali la mwisho ni chupa. Nasikia bia hii inataka gesi nyingi.

Bi_Shayiri
Ndiyo, na hapa usifanye haraka. Pima kwa haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, siku ya kumi, rudia siku ya kumi na tatu. Namba zikilingana, hamira imemaliza. Wanaotumia WB-06 wangoje zaidi, maana ile inakula hata sukari ambazo nyingine huziacha, na chupa inaweza kupasuka wiki tatu baadaye. Weka sukari ya kawaida gramu 8 kwa lita, ila kwenye chupa nzito tu, zile za nusu lita za bia ya ngano zinazorudishwa dukani au za kizibo cha waya. Kama chupa ni nyembamba, ishia gramu 5. Zikae kwenye sanduku lililofunikwa, sehemu yenye joto la chumba, wiki mbili, kisha friji. Wakati wa kumimina bakiza kidogo chini, zungusha chupa, umalizie na mashapo yake.

Kibo_Nürnberg
Asanteni sana. Jumamosi napika. Kimea nimeagiza leo, mfuko nauanza usiku huu.