Mahema au mahindi? Mashamba ya kando ya Elementaita

Mkulima wa Mbaruk: Wadau, kuna mtu wa Nairobi anazunguka huku kwetu akitaka kukodisha mashamba yanayotazama ziwa Elementaita. Kwangu anataka eka mbili, miaka kumi, aweke mahema ya wageni na pahali pa kuchomea nyama. Mahindi mnajua yalivyo: mvua haieleweki, viwavijeshi wanakula kwanza, kisha broka anakuja na gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia. Wazee wamekataa kabisa, vijana wanaona tunawachelewesha. Nyinyi mnaonaje?

Mzee wa Barut: Uliza sisi tuliotegemea ziwa Nakuru. Lilikuwa na flamingo mpaka ufuo unaonekana wa waridi ukiwa mbali. Halafu miaka ya 2011, 2012 hivi maji yakaanza kupanda. Chumvi ikapungua, mwani wanaoula ukaisha, ndege wengi wakahamia Bogoria. Lango kuu la mbuga lilimezwa na maji, na huku Barut na Mwariki watu wakahama nyumba zao. Muuza vinyago akabaki na vinyago vyake. Mahindi angalau hayana mabawa.

Dereva Gilgil: Hayana mabawa lakini yanakauka, mzee. Elementaita ni urithi wa dunia tangu 2011, pamoja na hizo Nakuru na Bogoria, na hapo ndipo wale ndege wanaoitwa mwari weupe huja kuzaliana. Wageni watakuja tu. Ila msitegemee Mkenya. Mkenya anakuja na kuku kwenye ndoo, chapati kwenye foili, soda ya supamaketi, anapiga picha mia, anakuachia takataka. Huyo si mtalii, huyo ni mpita njia.

Mama Wawili: Mpita njia ni nani? Mimi ndio hao wa foili. Nikija na watoto, baba yao na shemeji, sahani moja ya chipsi huko kwenye mahoteli yenu ni bei ya pakiti kadhaa za unga. Nitazame mwari na njaa? Na 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, ni nani alikuwa anajaza hizo kambi?

Dereva Gilgil: Dada, usikasirike. Nimesema takataka, sijakutaja.

Mama Wawili: Za kwangu narudi nazo kwa buti ya gari. Wewe tuambie maganda ya miraa huwa unapeleka wapi.

Mwalimu Mstaafu: Ha! Hapo dereva amepatikana. Lakini kweli, Kekopey yote ile ya nyama choma kando ya barabara kuu imejengwa na mpita njia. Watu wa Nairobi wakienda Nakuru au Kisumu wanasimama, wanachagua mbavu, wanakula, wanaenda. Mzungu anapita hapo dirisha limefungwa.

Dereva Gilgil: Mwalimu, mimi hupeleka wazungu hapo kila mara, na wanakula kukuzidi.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, hujui ninakula kiasi gani.

Wa Kariandusi: Mambo ya tumbo kando. Jirani yetu alikodisha. Wiki hiyo hiyo fensi ikawekwa, ikafunga kile kinjia cha ng'ombe kwenda kulamba chumvi. Sasa wachungaji wanazunguka mpaka kwa barabara kubwa, malori yakipita. Na akina mama waliokuwa wanashuka kuoga kwenye chemchemi ya maji moto wanaulizwa tikiti. Mwenye shamba alilipwa, sisi wengine tulipata fensi.

Wa Molo: Sisi tuliambiwa pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, ndiyo dhahabu. Kenya ilikuwa inaongoza dunia nzima! Malipo yakachelewa, yakachelewa tena, wazazi wetu wakang'oa wakapanda viazi. Na viazi navyo, sheria ya 2019 inasema gunia ni kilo 50, lakini njoo uone gunia la mkurino, lile lililojazwa mpaka likavaa kilemba, likipakiwa saa kumi na moja alfajiri. Huyo wa mahema angalau analipa kabla.

Mzee wa Barut: Hilo gunia mnalijaza wenyewe. Broka hashiki jembe.

Wa Molo: Mzee wangu kwa heshima, usipolijaza anaenda kwa jirani. Ushawahi kuuza viazi wewe?

Karani wa Zamani: Mwenye swali, sikiza. Kukodisha shamba la kilimo kunataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila kibali mkataba ni karatasi tu. Mke naye aulizwe kwanza. Na kugeuza shamba kuwa biashara ya wageni, kaunti lazima ikubali. Hiyo njia ya ng'ombe iandikwe humo ndani.

Dereva Gilgil: Huyu ameongea kama mtu anataka kulipwa.

Mkulima wa Mbaruk: Nimeuliza shamba, mnanijibu chapati na viazi.

Mama Wawili: Kwani hema ni la nini? Weka choo kisafi, maji ya kunawa, na kivuli. Endelea na mahindi yako huko nyuma. Sisi wa foili tutalipia kuegesha.

Dereva Gilgil: Mlipe? Mtaacha gari barabarani.

Mkulima wa Mbaruk: Ngojeni kwanza. Mia mbili kwa gari ni nyingi?

Wa Kariandusi: Mia.

Mama Wawili: Hamsini, na mahindi ya kuchoma tutanunua kwako.