Naomba ushauri: mazoezi ya hospitali yanatosha kweli?

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu alianguka kwenye mjengo mwaka jana akaumia uti wa mgongo, miguu ikapooza. Tunaishi Kayole, Nairobi, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mara mbili kwa wiki tunambeba hadi chini na kulipa teksi ya kwenda hospitali, maana makanga wengi wakiona kiti cha magurudumu wanageuza uso. Akifika anafanyishwa mazoezi dakika arobaini, basi.

Kinachonisumbua ni hiki: kule anajifunza kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, lakini kitanda chao kinashushwa na kupandishwa. Chetu kiko juu. Mlango wa choo ni mwembamba, kiti hakipiti. Sasa anajifunzia maisha ya nani?

Najua Shirika la Afya Duniani limehimiza kwa miaka mingi utengamao unaofanyika katika jamii, yaani familia inafundishwa, nyumba inatazamwa, na mtu anasaidiwa kurudi kazini. Yeye mikono ni mizima, na anataka kujifunza kutengeneza simu. Nilipolitaja hilo kliniki nikaambiwa tumalize mazoezi kwanza.

Kwa waliopitia haya: nipunguze safari, hela hiyo tuhamie nyumba ya chini? Kuna aliyempata mtaalamu wa tiba ya viungo wa kuja nyumbani, na alilipa ngapi? Na aliyejiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, vifaa vilichukua muda gani kufika?