Nyumba za bei nafuu Ulaya: hizi benki za maendeleo zinamkopesha nani hasa?

Mpangaji wa Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Hapa Dodoma tangu serikali ihamie vyumba vimekuwa mtihani, dalali anataka hela ya mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mshahara ndo huohuo. Sasa nasikia Ulaya kuna benki za maendeleo zinatoa hela za nyumba za watu wa kipato cha chini. Anayekopa ni mpangaji au? Na hizo hela zinatoka wapi?

Mhasibu Area C
Mkuu mpangaji hakopi hata senti. Anayekopa ni manispaa, shirika la nyumba au ushirika. Kubwa lao ni Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, EIB, ilianzishwa 1958 enzi zile, makao yake yako Luxembourg, wenye hisa ni nchi 27 za Umoja wa Ulaya. Wanauza hati fungani, yaani karatasi za kukopa hela kwa wawekezaji na kuwarudishia na riba, wawekezaji wanajua nchi zote hizo ziko nyuma yake kwa hiyo wanakubali riba ndogo, na unafuu huo unashuka mpaka kwa anayejenga.

Kinachoua huku kwetu ni riba na muda. Piga hesabu, milioni 40 kwa riba ya 15% miaka 15 ni kama laki tano na sitini kwa mwezi. Hela hiyohiyo kwa 3% miaka 40 ni kama laki na arobaini na tatu!! Nyumba ni ileile, bati lilelile.

Dada wa Ilazo
Ufaransa ndo wamenifurahisha, wananchi wanaweka akiba kwenye akaunti inaitwa Livret A, sehemu kubwa inaenda Caisse des Dépôts, taasisi ya fedha ya serikali, nayo inakopesha mashirika ya nyumba za jamii kwa miaka 40 na zaidi.

Mpangaji wa Nkuhungu
Asanteni sana. Na wakishajenga, nani anazuia kodi isipande?

Mhasibu Area C
Masharti kaka. Kodi ina ukomo kisheria na wanaopangishwa wanaangaliwa kipato. Vienna kule Austria manispaa yenyewe ina nyumba kama 220,000, moja ya majengo yake, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa 1930 na mpaka leo ina wapangaji. Huku kwetu TMRC, kampuni inayokopesha mabenki, inazipa mabenki hela za mikopo ya nyumba, ni jambo jema, ila inamsaidia anayenunua, mpangaji hayumo.

Dada wa Ilazo
Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, 2024 waliuza hati fungani ya maji wakapata zaidi ya bilioni 50. Kwa nini isiwepo ya nyumba za kupangisha hapa jijini? Nitamuuliza diwani wetu.