Wakala wa Mwanjelwa alichukua milioni tano na laki nne zangu za "kazi ya uuguzi Uingereza", na sasa ananidai nyingine za Ujerumani

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, mzaliwa wa Mufindi, na huu ni mwaka wa sita nikiwa kazini hapa jijini Mbeya. Naandika nikiwa na hasira, lakini nimejizuia wiki mbili nzima ili nisiweke hapa jambo ambalo siwezi kulithibitisha kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu.

Mwezi Februari 2025 tulialikwa wauguzi wapatao thelathini kwenye semina katika ukumbi mmoja maeneo ya Soweto, hapahapa Mbeya. Mwenye ofisi hiyo ya uwakala ya Mwanjelwa, kijana mwenye suti na maneno laini, alituambia kwamba Uingereza ina uhaba mkubwa wa wauguzi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ofisi yake imepewa kibali cha kuwatafuta wauguzi wa Nyanda za Juu Kusini na kuwapeleka ndani ya miezi minne. Hilo la pili ndilo lililotumaliza. Kati ya Machi na Mei nililipa laki sita za kujiandikisha, milioni moja na laki nane za "kufuatilia nyaraka", na milioni tatu za "cheti cha udhamini" wa mwajiri, ambacho ndicho huombewa viza ya kazi. Zote nilizituma kwa simu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu ambaye sijawahi kumwona ofisini, na risiti ya EFD nimeahidiwa mpaka leo.

Fedha hizo hazikutoka kwenye mshahara wangu, kwa maana mshahara wangu hauna ubavu huo. Baba yangu aliuza ekari mbili za paini kule kijijini zikiwa na miaka tisa. Mtu wa Mufindi hahitaji kuelezwa zaidi, ila kwa wengine niseme kwamba mkulima mwenye subira huiacha miti hiyo ifikishe miaka kumi na minane hivi ndipo ipasuliwe mbao, na anayeiuza ikiwa nusu ya umri huo hupokea bei ya mtu mwenye shida, hata kama mnunuzi ni jirani yake. Mzee hakunilalamikia hata siku moja, na ukimya wake huo ndio unaonichoma kuliko matusi.

Mwezi Juni nikapewa karatasi yenye muhuri wa rangi na bendera, eti ndiyo cheti cha udhamini. Nafasi iliyoandikwa humo ilikuwa ya mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilipouliza kwa nini haisemi muuguzi, nilijibiwa kwamba "ukifika kule utabadilishiwa". Sikuwa nimefanyiwa usaili wowote, wala hakuna mwajiri aliyewahi kusikia sauti yangu. Nakiri kwamba hapo nilipaswa kushtuka, lakini mtu aliyekwisha kulipa milioni tano hutafuta sababu za kuamini.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu tuliyesoma naye chuo, ambaye yuko Uingereza kwa sababu alihangaika mwenyewe. Nilimpigia kumwomba ushauri kuhusu nguo za baridi, akanikatisha: "Dada, cheti cha udhamini hakinunuliwi. Na kwanza si karatasi." Akanieleza kwamba ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, ambayo mwajiri mwenye leseni huitoa katika mfumo wa serikali yao baada ya kumfanyia mtu usaili, na kwamba orodha ya waajiri wenye leseni hiyo imewekwa wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, yeyote anaweza kuisoma bila kulipa hata senti. Usiku uleule niliifungua, nikatafuta jina la mwajiri lililokuwa kwenye karatasi yangu kwa kila namna ya tahajia. Halikuwemo.

Kilichonikasirisha zaidi ni kugundua kwamba ahadi yenyewe, hata kama ingetolewa na mtu mwaminifu, ilikuwa ni jambo lisiloruhusiwa. Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2023 kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa Uingereza unakataza waajiri na mawakala kuja kuwasaka watumishi katika nchi hizo. Muuguzi wa Kitanzania hakatazwi kwenda, bali anatakiwa kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Vilevile mwongozo huo hauruhusu mtafuta kazi atozwe fedha ili apatiwe kazi. Kwa hiyo kile "kibali" tulichoonyeshwa pale ukumbini, ambacho watu walikipiga picha na kuwatumia wazazi wao, kilikuwa kibali cha kufanya lile lililokatazwa.

Na njia halali ipo. Mtu huanza kwa kujisajili NMC, yaani baraza la uuguzi la kule, na baraza letu la hapa hulithibitishia leseni yake moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa wakala yeyote. Kiingereza hupimwa kwa IELTS, ambapo anatakiwa apate 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, ingawa wapo wanaochagua OET, mtihani wa Kiingereza wa watumishi wa afya. Upo mtihani wa kompyuta wenye maswali 15 ya hesabu za dawa na mengine 100 ya uuguzi, na mwisho kuna OSCE, yaani mtihani wa vitendo wenye vituo kumi, ambao hufanyikia kulekule Uingereza. Ada ya maombi niliyoikuta ilikuwa paundi 140, ya mtihani wa kompyuta paundi 83, na ya OSCE paundi 794, ambayo waajiri wengi huilipa wenyewe. Zile mbili za mwanzo, kwa viwango vya wakati ule, hazikufika shilingi laki nane. Ukiongeza IELTS na nauli ya basi ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, paini za mzee zingebaki zimesimama.

Mtaniuliza kwa nini sikuyasoma hayo mapema. Nilikuwa nafanya zamu za usiku, na nilimwamini mtu aliyevaa suti. Sina jibu jingine.

Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga maombi mapya ya wahudumu wa nyumba za wazee kutoka nje ya nchi, na wauguzi wenye usajili hawakuguswa na katazo hilo. Mwezi Agosti ofisi ikatuita, ikatuambia kwa masikitiko ya kuigiza kwamba "serikali ya kule imetuangusha", kana kwamba sisi tulikuwa tumeomba kazi ya uhudumu kwa hiari yetu. Kisha tukaambiwa tuongeze milioni moja na laki mbili kila mmoja ili tuhamishiwe Ujerumani, tuondoke ndani ya miezi mitatu, na kwamba lugha "mtajifunzia hukohuko". Ujerumani! Nchi ambayo kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha B2 kabla ya kukutambua kuwa muuguzi kamili! Nilimuuliza yule kijana aniambie kwa Kijerumani neno moja tu, "bomba la sindano". Akasema nina dharau.

Wenzangu saba niliowasiliana nao wamelipa kama mimi, na wawili kati yao walikopa kwenye vikoba. Wote wanaona aibu kusema, kwa sababu walikwisha kuaga ukweni na kazini. Mmoja aliacha kazi kabisa na sasa anauza mchele wa Kyela pale Kabwe, huku akiwaambia watu kwamba viza imechelewa. Ukimya huu ndio mtaji wa ile ofisi, ambayo wiki iliyopita imebandika bango jipya mlangoni, bendera imebadilika na namba ya kutumiwa fedha ni ileile.

Nimekwisha kufungua jalada polisi. Aliyelipa kwa namba hiyo, awe wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, naomba asifute ujumbe wa miamala, auchapishe na kuandika tarehe pembeni, kisha aniandikie faraghani ili twende tukaandikishe maelezo pamoja. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwao na karatasi zangu zote, na nikikuta wamehama nitarudi kuandika hapahapa.