Handaki la roketi za Hitler kule Ufaransa: makumbusho au pa kutembeza watoto?

Mgeni wa Lille: Wadau, habari za jioni. Jumapili nilimpeleka mwanangu La Coupole, pale Wizernes karibu na Saint-Omer. Ni machimbo ya chokaa ambayo Wajerumani waliyafunika kwa kuba la zege wakati wa vita, wapate kurusha roketi za V-2 kwenda London. Unaingia kwa njia ya reli iliyotobolewa kilimani, baridi inakufuata hadi kwenye mifupa. Halafu hapohapo kuna ukumbi wa nyota, ule wa kuonyesha anga na sayari kwenye dari. Usiku namuuliza mtoto ameona nini, ananijibu Zohali. Swali langu: ukumbi kama ule unafaa kuwekwa mahali watu walipofanyishwa shokoa?

Nyundo Butu: Unafaa. Bila nyota, mtoto gani ataenda kuangalia ukuta? Ila tuseme ukweli, Mjerumani anajua kujenga bwana. Miaka 80 na zege lipo. Huku barabara inazinduliwa Jumatatu, Ijumaa unakwepa mashimo.

Binti Songea: Nilijua tu lazima atokee wa kusifia. Huyo anayejua kujenga ndiye aliyenyonga wakubwa wa Wangoni mwaka 1906 hapa kwetu.

Nyundo Butu: Dada, nimeongelea zege. Povu la nini?

Binti Songea: Kwani zege linajikoroga? Handaki lao la kwanza, la Éperlecques, hapo jirani tu, lilijengwa na mateka wa Kisovieti, Wabelgiji, Waholanzi, na vijana wa Kifaransa waliozolewa kwa ile sheria ya kazi za lazima ya Februari 1943. Wasifie hao.

Fundi Kokoto: Naomba nipite, maana mmegusa ugali wangu. Éperlecques walianza Machi 1943. Tarehe 27 Agosti ndege za Marekani zikaja, zege halijakauka. Anayejua kazi anajua balaa lake: likiganda katika hali ile, limeshajifia, kilichobaki ni kuvunja. Sisi tunasema zege halilali. Lile lililala. Wakaokoa upande wa kusini tu, wakaupangia kazi ya kutengeneza oksijeni ya kimiminika, ya kuendeshea roketi. Na paa la upande huo lilimwagwa kwanza, likawa linapandishwa kwa jeki kidogo kidogo huku kuta zinajengwa chini yake. Wizernes hali kadhalika: kuba kwanza, kipenyo mita 71, unene mita 5, ndipo wakachimba chini. Mtu anayeanza na paa anaogopa mbingu, mkuu. Usiniambie ni ufundi wa kuigwa.

Nyundo Butu: Kuanza na paa bila kuta, halafu unasema si ufundi? Wewe fundi wa wapi?

Fundi Kokoto: Wa kulipwa nikimaliza.

Mzee wa Gerezani: Vijana, kwa hiyo London ilipigwa kutokea hapo?

Mgeni wa Lille: Shikamoo mzee. Hata roketi moja haikuruka pale. Julai 1944 Waingereza walidondosha mabomu ya Tallboy, moja tani 5 na ushee. Kuba likavumilia, ila ardhi ya pembeni ikaporomoka, kazi ikaachwa. V-2 zilipoanza Septemba ile zilirushwa kutoka kwenye majukwaa ya kuhamishika: unarusha, unafungasha, unahama. Dornberger, jenerali wa mradi, ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Hitler ndiye aliyeng'ang'ania mahandaki.

Mzee wa Gerezani: Marahaba. Bosi anataka jengo, mtaalamu anataka gari. Hii kesi naijua.

Nyundo Butu: Kuba likavumilia. Mmesoma wenyewe.

Binti Songea: Huyu hatibiki. Roketi zenyewe zilitengenezwa na wafungwa wa Mittelbau-Dora, kambi ya mateso kule Ujerumani. Walipita kama 60,000, wakafa kama 20,000. Von Braun, mhandisi mkuu wa hizo V-2, na cheo chake cha SS, kile kikosi cha chama cha Hitler, akaenda Marekani kuwatengenezea roketi ya mwezini. Kwa hiyo mleta mada, nyota za mwanao na lile handaki ni ukoo mmoja. Ukumbi ubaki, lakini mtoto apitishwe kwenye handaki kwanza, aone picha za wafungwa, ndipo aone Zohali.

Mgeni wa Lille: Tulianzia handakini, dada. Kasahau.

Binti Songea: Ana miaka mingapi?

Mgeni wa Lille: Saba.

Binti Songea: Ah. Basi mrudishe akiwa na kumi na nne.

Nyundo Butu: Fundi, tuache utani, nina slabu wiki ijayo. Nimwagilie siku ngapi?

Fundi Kokoto: Saba usipungue, na uifunike magunia. Jua la sasa hivi kali.

Binti Songea: Na vibarua unawalipa?

Nyundo Butu: Kila jioni, mkononi. Chai juu yangu.